Ngitili haikuwamo kwenye andalio la somo

Andalio langu la kwanza la somo niliandika mara tatu. Mara ya kwanza nilikosea jedwali, mara ya pili chai ikamwagikia karatasi, mara ya tatu nikakaa na rula na kalamu ya wino mweusi mpaka mwenzangu niliyepanga naye chumba akaniuliza, "Hili la kufundishia au la kutundika ukutani?" Utangulizi dakika 5. Maarifa mapya dakika 15. Kuimarisha maarifa dakika 10. Tafakuri dakika 5. Hitimisho dakika 5. Jumla 40, kipindi kimoja kamili, hakuna dakika iliyobaki bila kazi. Kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi niliandika kwa Kiingereza safi kwamba wanafunzi watajadiliana katika vikundi na kutoa mifano kutoka kwenye mazingira yao.

Hawakujadiliana. Na mfano hawakutoa hata mmoja.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya sanaa na ualimu, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Jiografia na Kiswahili, na hiyo ilikuwa BTP yangu ya kwanza. Kwa asiyejua, BTP ni yale majuma manane ambayo mwanachuo wa ualimu hupelekwa shule halisi, akapewa vipindi na chaki, kisha mhadhiri akaja siku asiyoitaja, akakaa nyuma ya darasa na fomu mapajani. Wanafunzi wanakuita mwalimu wa fildi. Wanajua kabla yako kwamba Septemba utakuwa umeondoka.

Ualimu sikuuota, niseme ukweli. Dada yangu alisema kozi za ualimu zina mkopo, na nyumbani kwetu Pangani neno mkopo lilimaliza mjadala. Nusu ya wenzangu walikuwa na hadithi hiyohiyo, nusu nyingine walikuwa watoto wa walimu, na hao ndio waliokuwa wanalalamika zaidi.

Mwaka ule wa kwanza chuoni tulisoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, misingi ya mitaala. Mbwa wa Pavlov tulimfahamu kuliko mtoto yeyote wa Kidato cha Kwanza. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tuliichambua mstari kwa mstari, na kila aliyetaka kuupamba ualimu alitukumbusha kwamba Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla siasa haijamchukua. Mbinu za kufundisha Kiswahili zilikuwa Jumanne katika jengo moja, mbinu za kufundisha Jiografia zilikuwa Alhamisi katika jengo jingine. Wahadhiri wote wawili walikuwa wazuri. Sidhani kama waliwahi kukaa meza moja wakazungumzia kwamba mtu anayetoka kwa huyu anakwenda kwa yule, na kwamba kesho atasimama na masomo yote mawili mbele ya watoto walewale.

Halafu kulikuwa na mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe, kumi na wawili katika chumba kidogo, mmoja mwalimu na wengine tunajifanya Kidato cha Pili. Mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili kwake anainua mkono, "Madam, naomba kwenda chooni." Tulicheka sana, na nilipata alama nzuri. Nikijiuliza leo mazoezi yale yalinidanganya wapi, naona ni hapa: wanafunzi wangu wote kumi na mmoja walikuwa wanajua jibu. Walikuwa wanangoja tu niwaulize.

Mkoa wa kwenda ulikuwa wa kuchagua, na Dar es Salaam, Arusha na Kilimanjaro huwa zinajaa mtu angali anatafuta bando. Nilipofungua ukurasa nikakuta nafasi Simiyu. Simiyu nilikuwa naijua kwa pamba, na kwa kuwa ni mkoa wa juzijuzi, ulimegwa kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza mwaka 2012. Nilishuka basi jioni, vumbi limenikaa mpaka kwenye nyusi, na mama aliyekuwa anauza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pale stendi akanisalimia kwa lugha yake. Nikaitikia "marahaba", kwa kukosa la kusema. Mama wa umri wa bibi yangu, mimi nimempa marahaba. Alicheka mpaka akashika ndoo.

Shule yenyewe ilikuwa ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi wakati wa MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, kila kata na shule yake, matofali ya wananchi na bati la serikali. Kwenye mlango wa ofisi ya walimu palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya plastiki: No English, No Service. Mkuu wa shule alinikaribisha kwa Kiswahili, akanipa ratiba kwa Kiswahili, akaniambia kwa Kiswahili kwamba shule inasisitiza Kiingereza. Nikapewa Jiografia Kidato cha Pili A na B, na Kiswahili Kidato cha Pili B. Pili B walikuwa 63. Jumatatu walikuwa wangu mara mbili: kipindi cha tatu Jiografia, kipindi cha sita, baada ya mapumziko, Kiswahili.

Ratiba hiyo ndiyo iliyonifundisha, kuliko mtu yeyote. Mwalimu wa somo moja angekutana nao mara moja, akaondoka na jina la darasa kichwani: hawa wazito, au hawa wachangamfu. Mimi niliwapata wote wawili siku moja.

Kipindi cha tatu. Mada ni ufugaji, wakati ule ikiwa ndani ya kilimo kwenye muhtasari wa Kidato cha Pili. Nimesimama na ramani niliyochora usiku kwenye manila, nimeandika aina za ufugaji kwa Kiingereza ubaoni, naeleza. Naeleza kuhamahama, naeleza ranchi. Nauliza kama tuko pamoja. "Yes, madam!" Sauti 63 kwa mpigo mmoja, ungesema kwaya. Nauliza nani atoe mfano. Kimya. Si kimya cha ukaidi, kile ningekijua. Ni kimya cha watu waliokaa vizuri. Wamenyoosha migongo, kalamu mkononi, macho kwangu. Msichana wa mbele akanihurumia akainua mkono, nikamwita kwa furaha, akasimama akasoma sentensi yangu kutoka ubaoni, akakaa.

Hawa ni watoto wa Wasukuma wa Simiyu. Nyumba nyingi mle kijijini zina zizi. Mimi ni mtu wa pwani. Ng'ombe niliyemzoea ni yule wa Idd. Na nimesimama mbele yao nawasomesha ufugaji kutoka kwenye daftari la dada yangu la Kidato cha Pili, ambalo naye alinakili kwa mwalimu wake.

Kipindi cha sita, darasa lilelile, madawati yaleyale. Kiswahili, methali. Nikaandika "Samaki mkunje angali mbichi." Kabla sijageuka vizuri, kijana wa nyuma: "Madam, sisi samaki wanatufikia wakavu. Tunamkunja saa ngapi?" Darasa likapasuka. Mmoja akasema basi methali haituhusu. Mwingine akasema inatuhusu, mweke fimbo ya mti mahali pa samaki. Wa tatu akasema fimbo haikunjwi, fimbo inanyooshwa, na kuinyoosha huwa ni mpaka uipashe moto kwanza, kwa hiyo ubichi peke yake hautoshi, moto nao uwepo. Nilibaki nimeshika chaki. Tafakuri ya dakika 5 niliyoipanga ilikula dakika 20, na kengele ilipogongwa bado walikuwa wanabishana mtoto anapashwa moto vipi.

Usiku ule nilijaza sehemu ya tathmini kwenye maandalio yote mawili. Kwenye la Kiswahili niliandika somo limeeleweka. Kwenye la Jiografia niliandika, Mungu anisamehe, wanafunzi hawana ushirikiano.

Mwalimu wa taaluma pale alikuwa mmoja wa wale waliobatizwa Voda Fasta. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka: katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila mahali bila walimu, wahitimu wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja wakapelekwa madarasani, na watu wakawapa jina hilo kwa dharau. Chuoni tulikuwa tunawataja kama mfano wa namna ya kutoandaa mwalimu. Huyu wangu alikuwa amekuja akaambiwa leo unaanza, akaanza. Baadaye alijiendeleza kwa shida zake mwenyewe mpaka akapata shahada. Hakuna mtu aliyenifundisha kazi kama yeye, na sijui niseme nini juu ya mada yetu ya chuoni.

Alinifundisha kugawa ubao sehemu tatu na kutoifuta ya kushoto mpaka mwisho. Alinifundisha kuandika nimesimama ubavu, ili nisilipe darasa mgongo. Alinifundisha kuvunja chaki vipande viwili isipige yowe. Na nilipomlalamikia juu ya Pili B, aliendelea kusahihisha madaftari, akasema, "Madam, ukimwuliza mtoto ameelewa, unamwuliza kama ana adabu. Na hawa wana adabu."

"Sasa niulize nini?"

"Muulize kitu ambacho wewe hujui."

Niliona ananitania. Mwalimu wa mwaka wa kwanza, mwenye andalio lenye rula, aulize asichokijua?

Jambo jingine aliniambia niende nikalione mwenyewe: mapumziko, chini ya mti wa mwembe karibu na jiko la uji, bila wao kuniona. Nikaenda. Wale watoto wa Pili B walikuwa wanazungumza Kisukuma, wote, kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia wakiwa na Kiswahili. Yule msichana wa mbele aliyenisomea sentensi yangu alikuwa amewakalisha wenzake wanane chini akiigiza mtu, sijui nani, pengine mimi, na wanane walikuwa hoi kwa kicheko. Basi hata Kiswahili nilichojisifia nacho kumbe kilikuwa ngazi ya katikati. Mimi mzaliwa wa Pangani nilikuwa nimechukulia kwamba Kiswahili ni nyumbani kwa kila mtu kwa sababu ni nyumbani kwangu.

Mabishano ya lugha ya kufundishia ni ya zamani nchini kuliko mimi. Tume ya Rais ya Elimu ya 1982, ile ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, haikuwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakitaja Kiswahili kwa ngazi zote, na mitihani ya Jiografia ikaendelea kuja kwa Kiingereza. Mtu wa chuo anapenda hapa kutoa hotuba. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo tayari, mpaka siku ya kikao cha wazazi ambapo mama mmoja, anauza nyanya mnadani, alisimama akasema: "Mwanangu sikumleta hapa aje kujua Kiswahili. Kiswahili atakipata mnadani bure. Mpeni hicho ambacho mimi sina." Watu walimpigia makofi. Hotuba yangu ikakaa chini.

Wiki ya tatu niliwapa Pili B insha ya Kiswahili, kichwa "Kazi ninayoijua vizuri". Nilitaka kitu chepesi, maneno 200. Nikasahihisha Jumamosi asubuhi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu nyekundu mkononi, redio ya jirani inatangaza bei ya pamba.

Insha ya kijana anayekaa dirishani ilikuwa na neno ngitili. Nilizungushia duara. Mstari wa chini yake, ngitili tena, nikazungushia. Nilizungusha duara tisa katika ukurasa mmoja na nusu, na pembeni nikaandika, "Tumia Kiswahili sanifu. Neno hili halipo." Alama 9 kati ya 20.

Jumatatu baada ya kipindi alibaki mlangoni. Ni kijana mrefu, mpole, ambaye kwenye Jiografia sikuwahi kusikia sauti yake. "Madam, naomba kuuliza. Hili neno lipo."

"Lipo wapi?"

Akafikiri kidogo. "Nyuma ya nyumba yetu."

Nikakumbuka maneno ya mwalimu wa taaluma. Nikavuta dawati, nikamwambia aeleze, maana sijui. Akaeleza kwa Kiswahili, akikwama anaweka Kisukuma, anarudi. Ngitili ni eneo la malisho ambalo familia inalifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi zinakua mpaka kiunoni, mvua zinakatika, nyasi zinakauka zimesimama palepale, na watu bado hawaingizi mifugo. Wengine wanapeleka ng'ombe mbali. Kiangazi kikishakaza kabisa, mwezi wa saba, wa nane, ndipo babu anafungua, na anafungua kwa sehemu. Hawaingii wote. Wanaoanza ni ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai wa kulimia, kwa sababu hao hawawezi kwenda mbali, na maksai wakidhoofika msimu wa kulima utakukuta unalima kwa mkono.

"Na jirani akiingiza wake?"

"Analipa. Sungusungu wanajua."

Alinieleza kwa dakika kumi hivi, bila daftari. Nilipokuwa naondoka niligundua kwamba nilikuwa nimepokea, kwa mpangilio, kila kitu ambacho andalio langu lilikuwa linakitafuta: tatizo la ufugaji, chanzo chake, utatuzi, na mfano kutoka kwenye mazingira yao. Nukuu zangu zilikuwa na mistari sita juu ya ng'ombe kumaliza malisho, na utatuzi wa kwanza ulikuwa ni kupunguza mifugo. Nimewaambia hivyo watoto wa Kisukuma. Sasa nikaelewa kwa nini walikuwa na adabu vile.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, mimi na mwenzangu wa BTP, kwa babu wa kijana yule. Nilikuwa nimeshajifunza kusema mwangaluka na kuitikia inavyopasa. Tulipewa maziwa mgando, kisha babu akachukua fimbo akatutangulia nyuma ya boma. Nilitegemea kuona ua, senyenge, kitu. Hapakuwa na ua. Palikuwa na njia ya ng'ombe, upande huu udongo mtupu umekwanguliwa hadi mawe, upande wa pili nyasi za rangi ya mkate zimesimama mpaka mbavuni, migunga katikati, ndege wanaruka. Mpaka ulikuwa hiyo njia, na kwamba kila mtu anajua. Babu aling'oa utepe wa nyasi akautafuna ncha yake, akasema bado wiki moja.

Aliongea Kisukuma, mjukuu akatafsiri. Babu alisema ngitili ya baba yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo, lakini miaka ya 1970 walipohamishiwa kwenye vijiji waliiacha kulekule, ikawa ya wote, na kilichokuwa cha wote kilikwisha mwaka huohuo. Hii ya sasa aliianza upya walipokuja watu wa HASHI. Nilikwenda kusoma baadaye: Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi ulioanza 1986, wakati mkoa ule ulikuwa umekatwa miti ili kuangamiza mbung'o, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya kuni, ukawa unaelekea jangwa. Walianza na kupanda miti kwenye vitalu kama kawaida ya miradi, kisha wakaona kwamba wenyeji wana kitu chao, na kitu hicho kikirudi miti inarudi yenyewe. Zimerudishwa ngitili za mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nami nilikuwa na shahada yangu ya Jiografia njiani, nimepita mwaka mzima chuoni, nimezungushia duara jekundu.

Nilirekebisha alama ya insha ikawa 17. Alikosa tatu kwa sababu ya nukta na herufi kubwa, hizo nazo ni haki yake.

Msimamizi wangu alikuja wiki ya tano, Jumatatu, kipindi cha tatu. Hakutoa taarifa. Nilimwona kupitia dirishani akishuka kwenye bodaboda, anajipangusa vumbi kwa leso, anatoa miwani. Mikono yangu ikawa baridi. Andalio lilikuwepo, azimio la kazi lilikuwepo, nukuu zilikuwepo, zana zilikuwepo. Akaketi nyuma kabisa kwenye stuli kati ya mabegi ya wanafunzi. Mada: matatizo ya ufugaji na utatuzi wake.

Nilikuwa nimepanga kuanza na swali la marudio, kwa Kiingereza. Badala yake nikageuka, nimesimama ubavu kama nilivyofundishwa, nikaandika ubaoni neno moja: NGITILI.

Kwanza kimya. Halafu kicheko, kile kicheko cha mtu anayemkuta shangazi yake sokoni Dar es Salaam. Neno la nyuma ya nyumba, limeandikwa kwa herufi kubwa, kwenye kipindi cha Jiografia, mgeni amekaa nyuma na miwani. Nikauliza kwa Kiingereza, hiki ni nini? Mikono ikainuka. Nilihesabu, kwa sababu sikuwahi kupata nafasi ya kuhesabu: kumi na tisa. Msichana wa mbele alianza kwa Kiingereza, akafika kwenye nyasi, akakwama kwenye kufunga, akanitazama. Nikamwambia sema unavyojua, tutatafuta neno pamoja. Akasema kwa Kiswahili. Tukatafuta neno. Mwingine akasema yeye kwao hawana ngitili, baba yake alipeleka ng'ombe Kilombero. Mwingine akauliza mwenye ng'ombe wengi na asiye na ngitili afanyeje. Darasa zima likaanza kulijibu swali lake, na mimi nikawa naandika ubaoni kwa Kiingereza kile walichokuwa wanasema kwa Kiswahili, sehemu ya kati ya ubao, huku sehemu ya kushoto neno lile limekaa peke yake. Dakika 40 zilikwisha nikiwa kwenye maarifa mapya. Kuimarisha, tafakuri, hitimisho, sikuvifikia hata kimoja, au pengine vilipita bila kugonga kengele.

Ofisini msimamizi alinipa fomu nisaini. Alikuwa na shule nyingine mbili za kufika siku ile, na aliuliza zaidi juu ya usafiri kuliko juu ya somo. Nilisoma fomu baada ya yeye kuondoka. Chini, kwenye maoni, kwa Kiingereza, aliandika sentensi mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilisema ushirikiano wa wanafunzi ni mzuri sana. Ya pili ilisema niache kuchanganya lugha. Hakuna kiunganishi kati yake. Nukta, kisha sentensi nyingine.

Nilimpelekea mwalimu wa taaluma asome. Akasoma, akanirudishia. "Alama umepata?"

"B."

"Basi chukua B yako."

Simlaumu msimamizi. Fomu yake ilikuwa na kipengele cha ushirikiano na kipengele cha lugha ya kufundishia, kila kimoja na kisanduku chake, na alijaza visanduku kwa uaminifu. Ni zile Jumanne na Alhamisi zilezile, majengo mawili. Ila nadhani kama kuna kitu ambacho chuo kingenipa na hakikunipa, ni mtu mmoja wa kunikalisha mbele ya sentensi zile mbili akaniuliza: sasa hapo katikati unaweka nini? "Kwa sababu", au "lakini"? Bado sijui. Sasa nafundisha mkoa mwingine, na mada ya ufugaji naianza kila mwaka kwa kuuliza kitu nisichokijua, na Kiingereza nakipigania mpaka dakika ya mwisho, kwa ajili ya yule mama wa nyanya. Kuna vipindi vinakaa vizuri, vingine vinaniangukia.

Wiki ya mwisho niliwapa jaribio la Jiografia. Swali la nne: taja njia nne za kukabiliana na uharibifu wa malisho. Kijana wa dirishani aliandika tatu kutoka kwenye nukuu, neno kwa neno, na ya nne akaandika ngitili, basi, bila maelezo. Nilikaa na kalamu. Mwongozo wangu wa kusahihisha niliuandika mwenyewe na sikuwa nimeiweka humo. Msahihishaji wa mtihani wa taifa hakai Simiyu. Nikampa alama, na pembeni nikaandika kwa Kiingereza: eleza.

Siku naondoka, begi liko tayari, bodaboda inangoja nje ya ofisi, alikuja mbio na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Alikuwa ameeleza, mistari minne, yote kwa Kiingereza, vitenzi vimekwenda kila upande. Mstari wa kwanza ulisema kwamba ngitili ni nyasi zinazolala mpaka Julai.